Mipira ya Waipa Imo Mkobani Mwangu

Jumatatu, mwezi wa tatu. Asubuhi ina mawingu mazito na upepo hakuna kabisa, jambo ambalo hapa Singida ni la kutia shaka.

Nimefungua kafe ya intaneti mapema kuliko kawaida. Mteja ni mmoja tu, anaandika barua ya kuomba kazi kwa kidole kimoja, na kila akikosea ananitazama mimi utadhani ndimi niliyezipanga herufi. Bosi yuko Dar. Kwa hiyo nina nafasi ya kuandika, na leo nisipoandika nitapasuka.

Jambo lenyewe sina wa kumwambia hapa mjini. Ndiyo maana nakimbilia kwenye blogu hii, ambayo wasomaji wake wa kudumu ni rafiki yangu wa Mwanza na bwana mmoja aliyeko Oman, ambaye kazi yake ni kunikumbusha kwamba Kiswahili changu ni cha bara. Karibuni nyote wawili.

Baba yangu haoni vizuri. Na baba yangu ni dereva.

Nimeshaandika. Sijui kwa nini naogopa, maana baba hajawahi kugusa kompyuta na wala hajui blogu ni mdudu gani.

Nianze mwanzo. Baba alikuwa dereva wa lori la shirika la umma tangu kabla sijazaliwa. Alibeba mahindi, alizeti, mbolea, vitanda vya hospitali, chochote alichopangiwa. Halafu ukaja ubinafsishaji. Shirika likauzwa, mwekezaji akaja na madereva wake, na baba na wenzake wakaambiwa wapokee kiinua mgongo waende nyumbani. Nilikuwa sekondari. Nakumbuka alirudi nyumbani kwetu Unyambwa kwa miguu akiwa bado amevaa sare ya kaki, akakaa barazani, na mama akampelekea maji ya kunywa bila kumuuliza kitu. Wenzake wengine walijenga, wengine walikunywa. Baba alipanda basi hadi Dar, akarudi anaendesha kipanya, mtumba wa Japani, mlangoni bado kina maandishi ambayo hakuna mtu Singida nzima anayeweza kuyasoma.

Tangu hapo kipanya hicho ndicho kinachotulisha. Hakipigi ruti. Kinakodiwa kwa harusi, misiba, kupeleka mahari, kwaya. Mtaa mzima ukisema "Mzee Rashidi" unamaanisha safari ya salama. Mama amefariki akiwa anaamini hivyo, na mimi nimekua ninaamini hivyo.

Sasa kuhusu kioo. Mtu asiyemjua baba hawezi kuelewa anavyokitunza kioo cha mbele. Vumbi la kwetu lina mchanga ndani yake, kwa hiyo haruhusu mtu kukifuta kikavu, maana mchanga unakwangua. Kwanza maji yateremke yenyewe, ndipo kitambaa, ndipo gazeti lililoloweshwa, ndipo gazeti kavu. Mchana wa jua kali hamwagii maji ya baridi, kioo kikishapata moto kinapasuka. Akiegesha juani ananyanyua mikono ya waipa isimame, mipira isigandane na kioo. Na waipa haziwashwi kwenye kioo kikavu hata iweje. Wakati tukiwa watoto kaka yangu aliwahi kuziwasha kwa kucheza. Mpaka leo akija likizo baba anamkumbusha.

Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, baba huinama mbele ya gari, mikono mgongoni, akaangalia mpira wa waipa wa kulia, kisha wa kushoto. Akiridhika husema "Sawa." Neno hilo moja. Hata msimu wa kiangazi, ambapo hakuna tone. Gari bila waipa haitoki kwenye ua wa Mzee Rashidi. Hiyo ni sheria aliyotoka nayo shirikani, na mwekezaji hakuweza kuinunua.

Kiangazi kilichopita akaanza kulalamika. Kioo kina ukungu. Kioo hakitakati. Mimi mtoto mtiifu nikakiosha. Nikakisugua kwa majivu laini, kwa siki, kwa dawa ya meno kama alivyoshauri fundi mmoja wa pale stendi. Baba akapanda, akatazama, akashuka. "Bado," akasema.

Mvua zilipoanza, lawama zikahamia kwenye waipa. Hapo nilimwamini kabisa. Nani asiyejua spea za siku hizi? Tangu soko lilipoachwa huria kila kitu kinapatikana na hakuna kinachodumu. Unanunua mpira wa waipa leo, umefungwa vizuri kwenye nailoni na umeandikwa kwa maandishi ya dhahabu, wiki ijayo umepasukapasuka unaburuza matope kutoka huku kwenda kule. Baba anasema enzi za shirika mpira mmoja ulimaliza misimu mitatu. Sasa hivi feki, feki, feki. Nilimnunulia jozi baada ya jozi. Kila jozi aliikataa, na kila mara nililaani wafanyabiashara pamoja naye. Tulikuwa tunapatana sana wakati ule, baba na mimi, tukiwalaani Wachina kwa pamoja wakati wa chakula.

Ila kuna siku nilimwona akimimina chai nje ya kikombe.

Nikaanza kuangalia vizuri. Akisalimiwa na mtu aliyesimama mbali, anasubiri sauti kwanza ndipo anaitikia kwa jina. Mchele hauchambui tena, anasema mgongo unamuuma. Hospitali ya mkoa walipotangaza kwamba wataalamu wa macho wanakuja, nilisema mezani, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba naona watu wengi watakwenda kupima. Akajibu macho ya dereva yanapimwa barabarani, akaomba aongezewe mboga.

Msomaji wangu wa Oman atauliza kwa nini sikumwambia moja kwa moja. Bwana, wewe uko mbali. Mtoto wa kike hamwambii baba yake kwamba mwili wake umechoka. Sijui nyumba nyingine, kwetu hakuna. Maneno ya aina hiyo yana njia yake, yanapita kwa shangazi. Dada anaweza kumwambia kaka yake lolote, hata kumtukana, na kaka akacheka. Basi nikampigia simu shangazi Mwajuma, dada mkubwa wa baba, anayeishi Mgori. Nikamwambia yote. Akaguna tu, akasema anakuja.

Alikuja na kuku na kiroba cha viazi. Nilimwamkia, "Shikamoo shangazi," akaitikia, "Marahaba mwanangu," lakini macho yake yalikuwa kwa kaka yake tayari. Wakakaa barazani. Waliongea Kinyaturu muda mrefu, kwa sauti ya chini, mimi nikiwa jikoni nimeacha mboga iungue ili nisikie. Nilisikia jina la mama. Nilisikia jina la lile shirika. Kisha nikasikia baba anacheka, na shangazi anacheka.

Akaniita. Akatangaza mbele ya baba kwamba kioo kweli ni kibovu, kimezeeka, na familia itachanga kinunuliwe kipya.

Nilimsindikiza hadi barabarani nikiwa nimevimba kwa hasira. Nikamuuliza, "Shangazi, si nilikwambia? Umeona mwenyewe kwamba si kioo!"

"Nimeona," akasema.

"Sasa?"

Akanishika mkono. "Mwanangu, huyu alishafukuzwa kazi mara moja. Mara ya pili simfukuzi mimi. Akikaa nyumbani huyu hamalizi mwaka. Mwacheni na gari lake."

Njia ya maneno ilikuwa moja tu, na ndivyo ilivyofungwa.

Kioo kipya kililetwa kutoka Dodoma juu ya lori, kimefungwa katikati ya magodoro mawili. Kilipobandikwa, majirani walikuja kukitazama. Siku ya kwanza baba aliendesha akipiga mluzi. Wiki haikuisha. Jioni moja alirudi, akavua kofia, akasema kwa uchovu ambao sijawahi kuusikia kwake: "Hata hiki ni feki."

Nilienda chooni nikalia.

Sasa tufike Alhamisi iliyopita. Baba alinipitia hapa kazini turudi wote nyumbani. Jua lilikuwa kali, anga jeupe, kioo kinang'aa. Tulikuwa tunakaribia Unyambwa nilipoona ng'ombe wanavuka barabara na nyuma yao mama mmoja na ndoo kichwani. Nikangoja apunguze mwendo. Hakupunguza. Nikangoja tena. Kisha nikapiga kelele, "Baba, ng'ombe!" Akakanyaga breki mpaka gari likakaa upande. Ndoo ya yule mama ikaanguka, na yeye akasimama pale amelowa, mdomo wazi, hatua chache tu kutoka kwenye bampa.

"Nimewaona," baba akasema.

Ng'ombe wakamaliza kuvuka. Yule mama akaokota ndoo yake akaenda zake bila kututukana, nadhani kwa sababu aliijua gari ya Mzee Rashidi na hakuamini kilichotokea. Kisha baba akazima injini, akanipa kitambaa. "Shuka ukafute kioo. Hakifai hiki."

Nikashuka. Nikasimama mbele ya kioo kisafi kuliko vioo vyote vya mkoa huu, ndani yake namwona baba yangu ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele, anatazama pale pale nilipo. Nikakifuta. Nikafuta kutoka kona hadi kona, taratibu, hakuna hata punje ya vumbi, na mimi nafuta.

"Sasa afadhali," alisema nilipopanda.

Nimejidharau sana kwa kufuta kioo kile.

Na Jumapili, yaani jana, alikuwa amekodiwa na kwaya. Watu wa kwaya ya usharika wa jirani, wanaume, wanawake na watoto wao, kuwapeleka Ikungi kwenye uzinduzi wa kanisa na kuwarudisha. Ijumaa nilienda kwa katibu wao, Mama Neema. Nilikusudia kumwambia. Alinipa chai na mihogo. Nikamuuliza kama hawawezi kuahirisha, mvua ni nyingi. Nikamuuliza kama hawajafikiria kukodi gari kubwa zaidi. Akacheka.

"Mwanangu, kwa Mzee Rashidi sisi tunalala usingizi. Tumfuate nani mwingine? Hawa vijana wa stendi wanaovuta bangi?"

Nikanywa chai yangu. Ningesema, ingekuwa Jumapili hiyo hiyo mtaa mzima umejua, na baba angeambiwa na watu msikitini kwamba binti yake ndiye anayemtangaza kuwa ni kipofu. Nikaaga, nikashukuru kwa mihogo.

Jumamosi magharibi baba akaenda kuswali. Nilikuwa natoa nguo kambani, na kipanya kipo pale uani, mikono ya waipa imesimama. Sikupanga. Naapa sikupanga. Nilishika mkono wa waipa, nikauvuta ule mpira, ukateleza ukatoka kwenye chuma chake mzima mzima, laini, kwa sababu ulikuwa mpya na baba aliupaka sabuni alipouingiza. Nikautoa na wa pili. Nikaikunja nikaitia mkobani, chini ya daftari na khanga.

Nilijiona nina akili kweli. Gari bila waipa haitoki. Asubuhi atainama, ataona chuma kitupu, atalaani vibaka, na Jumapili hakuna duka la spea linalofunguliwa. Kwaya itatafuta usafiri mwingine. Nitakuwa nimeinunua siku moja. Moja tu, halafu Mungu angejua la kufanya na siku nyingine.

Jana asubuhi niliamka kabla yake nikakaa dirishani.

Alitoka baada ya swala. Akakiosha kioo vile anavyojua, maji, kitambaa, gazeti, gazeti. Kulikuwa kumeshapambazuka vizuri. Kwaya walishaanza kufika, kina mama wamevaa sare za zambarau, wanacheka, wanawapanga watoto wao mstari. Baba akaja mbele ya gari. Akaweka mikono mgongoni. Akainama kwenye waipa ya kulia, akaangalia. Mimi kutoka dirishani niliona chuma kikimetameta pale panapotakiwa kuwa peusi. Akahamia ya kushoto, akainama, akaangalia.

"Sawa," akasema.

Akapanda, akawasha injini.

Nilitoka mbio pekupeku. Nilifika mlangoni kwake, nikashika dirisha, kila mtu ananitazama. "Baba," nikasema.

"Nini?"

Pale palikuwa na nafasi. Nitakufa nikijua kwamba pale palikuwa na nafasi. Mama Neema alikuwa kiti cha mbele, mfuko wa maandazi mapajani. Nyuma walishaanza kujaribu sauti ya pili. Baba amevaa kofia yake ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, amenyoa ndevu, na kwenye uso wake hakukuwa na wasiwasi wowote, alikuwa mtu anayekwenda kazini.

"Safari njema," nikasema.

"Haya. Funga geti."

Nikafunga geti.

Mpaka saa saba jua liliwaka, na mimi nikaswali, na nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Kisha upande wa Ikungi pakawa peusi. Mvua ya kwetu unaiona inakuja kutoka mbali, imening'inia, ina muda wote duniani. Nilipiga simu ya Mama Neema, haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Nilikaa barazani na simu mkononi, na mkoba uko ndani, na ndani ya mkoba iko mipira miwili ambayo ndiyo ingewaonyesha watu wale barabara. Nilitaka kumzuia baba asiendeshe bila kuona. Nikawa nimemtuma akaendeshe kwenye mvua bila waipa, na malori ya Rwanda yanapita njia hiyo hiyo.

Nilimwomba Mungu. Sikujua hata niombe nini. Niliomba mvua irudi ilikotoka.

Ilinyesha. Ilipiga bati mpaka sikusikia mawazo yangu.

Walirudi kabla ya magharibi. Nilisikia kuimba kwanza, nikafikiri nimeanza kuchanganyikiwa. Kipanya kikaingia kimejaa matope hadi madirishani. Wakashuka wote, mmoja mmoja, nikawa nawahesabu ingawa asubuhi sikuwahesabu. Kioo kipya kilikuwa na mikwaruzo miwili iliyopinda, mikubwa, kila upande wake mmoja, pale ambapo chuma kilikwangua kwenda na kurudi.

Mama Neema alinikumbatia. Alikuwa amelowa na ana furaha.

"Mwanangu, baba yako si mtu wa kawaida. Mvua imetukuta katikati ya njia, anawasha waipa, kumbe vibaka wameng'oa mipira! Kelele ya chuma hiyo, watoto wanalia. Mimi nimekaa mbele pale pale, nakwambia sikuona kitu. Kioo chote cheupe tupu. Nikamwambia, Mzee, simama jamani, hatuoni."

"Akasimama?"

"Hata! Aliendelea vile vile. Mwendo ule ule, hata kuinamia usukani hakuinama. Kama kwamba hakuna kilichobadilika. Anaijua ile barabara kwa moyo, baba yako. Tumeimba kutoka pale mpaka hapa." Akashusha sauti, akanibana mkono. "Tumeshamkodi na Pasaka."

Nilimwambia asante.

Sijui kama msomaji ameelewa. Ndani ya gari lile wote waliona ukungu kwa mara ya kwanza, wakaogopa, wakaita Yesu. Dereva peke yake hakuona tofauti.

Wakaondoka. Baba alibaki anazunguka gari, anapapasa ile mikwaruzo kwa kidole gumba. Nilimwamkia. Akaitikia. Nikamletea maji ya kunawa, akanawa, mimi nikimmiminia.

"Vibaka," nikasema, kwa sababu mtu fulani alipaswa kusema kitu.

"Huko huko Ikungi," akasema baba. "Tulipoegesha kanisani. Hapa mipira ilikuwepo."

Nikampa taulo.

"Asubuhi niliikagua," akasema. "Kwa macho yangu. Ilikuwepo."

Alikuwa amenigeukia mimi. Hakuwa mkali. Aliniangalia, au aliangalia upande ilikotoka sauti yangu, akangoja. Sijui alikuwa anangoja nimkatalie au nimkubalie. Nilikuwa na ushahidi chumbani, hatua chache tu, na ningeweza kwenda kuuleta na kuuweka kwenye kiganja chake, na yote yangekwisha, gari, Pasaka, Mzee Rashidi, yote. Ningemfukuza kazi mara ya pili, mimi mwanawe, jioni moja na maji ya kunawa mkononi.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Ilikuwepo."

Akaitikia kwa kichwa, akashusha pumzi. Akasema leo nimtafutie mingine mjini, nichague vizuri, nisimletee feki. Kisha akaingia ndani kujiandaa kuswali, na alipofika kizingitini alinyanyua mguu juu kuliko kizingiti kilivyo.

Ndiyo habari yenyewe. Yule mteja wangu wa barua amemaliza, ameniomba nimsomee kama amekosea. Amekosea kila mahali. Nimemsahihishia yote, nikamwambia bila woga kabisa kwamba hapa si hivi, hapa rudia, hapa futa. Ameshukuru. Mtu usiyemjua unaweza kumwambia lolote.

Maduka ya spea yameshafunguliwa ng'ambo ya barabara. Nayaona kutoka hapa, yametundika waipa za kila aina mlangoni, zote mpya na zote za uongo. Mkoba uko chini ya meza, kwenye miguu yangu. Matone ya kwanza yameanguka sasa hivi.

Nikimpelekea mipira, ataendesha. Nisipompelekea, ataendesha.